Bwana Desimali na Basi Zima

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha ndoa. Pale karakana ya mabasi ya jiji kila mtu alimwita Bwana Desimali, na mwenyewe alishazoea hata akawa hageuki akiitwa vingine. Alibandikwa jina hilo mwaka wake wa tatu kazini, siku meneja alipomuuliza basi namba kumi na moja linakunywa lita ngapi kwa kilomita mia. Akajibu, "Arobaini na moja nukta saba." Meneja akasema, "Yaani arobaini." Naye akasema, "Hapana, bosi. Hiyo moja nukta saba imetoka kwenye tangi, haikutoka mfukoni mwangu." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likaganda palepale.

Nakwambia ukweli, alikuwa mtu mwema lakini wa kuudhi. Ukimwambia basi limefika saa mbili, atakuuliza saa mbili na dakika ngapi. Ukimwambia safari ilikuwa karibu kilomita tano, atakurudishia daftari lako limepigwa mistari ya wino mwekundu, na pembeni kaandika: karibu ndiyo ngapi? Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na aliongeza inchi moja kwenye kila gauni ili mteja apate pa kupumulia, alikuwa akimwambia, "Wewe mwenzangu ungeshona nguo, watu wangezimia." Naye hujibu, "Wangezimia wamependeza." Waliishi hivyo miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Kazi yake ilikuwa takwimu. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja linalotazama pampu za dizeli, meza moja, kabati la chuma ambalo droo yake ya chini ilifunguka kwa teke tu, na penseli sita zilizochongwa kila asubuhi. Kila Jumamosi jioni madereva walijaza fomu ya wiki, ukurasa mmoja kwa kila basi: kilomita, lita za dizeli, mafuta ya injini, na mwisho kabisa kisanduku kidogo kilichoandikwa Hali. Zamani madereva walikijaza kisanduku hicho kwa hadithi. Mmoja aliandika jinsi gia ilivyomsononesha, mwingine akamshtaki abiria. Desimali akachoka. Akaandika kwa mkono wake karatasi kubwa, akaibandika ukutani kwenye chumba cha madereva: Kwenye kisanduku cha Hali, andika neno moja tu. SAFI, halina tatizo. BOVU, limerudi na hitilafu. ZIMA, injini imezima njiani. Toka siku hiyo, kwa miaka ishirini na miwili, karakana nzima iliandika maneno hayo matatu, na yeye akayahesabu.

Sasa kuna mpwa wake. Mpwa huyu ni mtoto wa marehemu dada yake, na aliletwa kwa Desimali akiwa na miaka tisa. Alikuja na begi moja la nguo na redio iliyokufa, ambayo alikuwa ameifungua kwa kisu cha jikoni. Wiki haikuisha redio ikaimba. Wiki ya pili akaifungua pasi ya mkewe Desimali, na nyumba nzima ikakosa umeme siku mbili. Mke akasema, "Huyu ama tumpeleke shule ya ufundi, ama tujizoeze kukaa gizani." Wakampeleka. Alipokuwa mkubwa akasomea umeme wa magari, na watu wakamwita Waya. Alimwita Desimali Mjomba, na alivyolitamka neno hilo ungedhani ni cheo cha serikalini.

Jiji liliponunua mabasi sita ya mseto kwa majaribio, Waya alikuwa fundi pekee aliyekubali kwenda kusomeshwa miezi nane kwa walioyaunda. Mseto maana yake yanatumia dizeli na umeme kwa pamoja: breki ikikanyagwa, ile nguvu ya kusimama haipotei, inaingia kwenye betri, na basi likiondoka linasukumwa na umeme kwanza kabla injini haijaamka. Pale karakana waliyaita popo, maana hawakujua wayaweke kundi gani. Madereva wa zamani, isipokuwa mmoja, waliyakataa katakata. Wakaajiriwa wapya kutoka nje, wengine wa malori, wengine wa mabasi ya shule. Likajengwa banda jipya nyuma ya karakana, lenye chumba chake cha madereva na choo chake, na Waya akakabidhiwa. Mkataba wake ulisema wazi: majaribio yakifaulu, anapewa kazi ya kudumu. Yasipofaulu, mabasi yatauzwa, banda litafungwa, na mkataba wake utaishia hapohapo.

Ikatakiwa tathmini. Mabasi sita ya mseto yalinganishwe na sita ya zamani, njia zilezile, wiki ishirini na sita. Nani afanye? Desimali akaenda kwa meneja mwenyewe. "Bosi, fundi wa kule ni mpwa wangu. Tafuta mtu mwingine."

"Nimpe nani?" meneja akamuuliza. "Yule mwenzako anayeandika tisa kama nne?"

Basi akaichukua kazi, ila akajiwekea sharti. Mpaka ripoti itoke, hataongea na mpwa wake habari za mabasi, na mguu wake hautakanyaga lile banda jipya. Akamwagiza Waya kazini amwite karani, kama wengine. Jumapili Waya alipokuja kula nyumbani na kuanza, "Mjomba, wiki hii nimegundua kitu kwenye betri," Desimali aliinua kiganja kama askari wa barabarani na kusema, "Mabasi hayapiti mezani hapa." Waya alicheka mwanzoni. Mwezi wa tatu akaacha kucheka, na wa nne akaacha kuanza.

Na ripoti aliifanya vizuri, tusimwonee. Mabasi ya mseto yalikunywa lita ishirini na tisa nukta nne kwa kilomita mia, na ya zamani arobaini na moja nukta saba. Hakuishia kwenye wastani. Alionyesha kwamba kwenye njia ya mlimani, yenye vituo vingi na kusimama kila mara, faida ilikuwa kubwa zaidi, na kwenye barabara kuu iliyonyooka ilikuwa kidogo sana, kiasi kwamba kulipeleka popo huko ni kupoteza bure ujuzi wake. Alionyesha kwamba breki za mabasi ya zamani zilibadilishwa mara tatu, na za mseto zilikuwa hazijafika hata nusu ya kulika. Aliandika pia kwamba betri ni ghali mno, kwamba siku itakapokufa itaumiza, na kwamba hakuna aliyeweza kumhakikishia itakufa lini. Yote hayo yalikuwa kweli.

Kisha ukurasa wa tisa: mara ambazo injini ilizima njiani. Mabasi ya zamani, arobaini. Mabasi ya mseto, sitini na moja.

Nambari ile hata yeye aliitilia shaka. Aliihesabu upya mara nne. Fomu zilikuwa mia na hamsini na sita: safi themanini na nane, bovu saba, zima sitini na moja. Zilitimia. Tena alikumbuka siku moja alipopanda basi la mseto kwenda nyumbani, jinsi lilivyonyamaza ghafla kituoni, na mama mmoja aliyekaa karibu naye akanung'unika, "Na hili nalo limezima." Lilinyamaza kila kituo mpaka akashuka. Basi moyoni akasema, ndivyo yalivyo, na akatia sahihi.

Kamati ya usafiri ya jiji haikusoma mambo ya lita wala breki. Ilifungua ukurasa wa tisa. Kwa nini tununue basi la bei ya mawili, walisema, lituachie abiria barabarani? Wakaamua mabasi yauzwe, na uamuzi upigwe muhuri Alhamisi ya wiki iliyofuata. Ijumaa meneja akamwita Waya na kumwambia aanze kupanga vifaa kwenye masanduku.

Jumapili alikuja kwa mjomba wake kama kawaida, lakini hakuketi.

"Sitini na moja?" aliuliza.

"Ndivyo fomu zilivyosema."

"Mimi nakumbuka mara tatu. Mara tatu tu kwa miezi sita, na zote nilikwenda mwenyewe na kisanduku changu cha zana."

"Kila fundi husahau mabaya ya gari lake," Desimali akasema, na aliposema akatamani arudishe maneno.

Waya alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, afadhali angekuwa nayo. "Ungeniuliza tu, Mjomba. Miezi sita. Ungeniuliza neno moja."

"Ningekuuliza, wangesema nimekupendelea."

"Kwa hiyo ukaona bora nimwage unga, ili wewe ubaki msafi." Akamuaga mke wa mjomba wake kwa heshima zote, akaondoka, na sahani yake ikabaki imefunikwa mezani. Desimali alisubiri mkewe amtetee. Mke alikuwa anaokota pini sakafuni, akiokota moja moja bila haraka. Mwishowe akasema, "Hesabu unazo, mume wangu. Masikio ndiyo huna." Siku hiyo Desimali hakula, na ilimuuma kwelikweli, kwa sababu yeye ndiye aliyemlea mtoto yule, na hakuwahi kumwona akiondoka bila kula.

Jumatatu asubuhi zilikuja fomu za wiki ya ishirini na saba. Zilikuwa hazihusiki tena na tathmini, lakini Desimali si mtu wa kuacha karatasi bila kuisoma. Ya basi namba nne ilikuwa juu. Dereva wa basi namba nne walimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha shule ya msingi miaka kumi na minne kabla ya kuanza kuendesha basi la shule ile ile, akakuta usukani una amani kuliko ubao. Mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, herufi zote zimesimama wima. Wiki hiyo, kwa kuwa habari za kuuzwa zilishamfikia, alikuwa amezidisha maneno kwenye kisanduku cha Hali mpaka yakapanda pembeni: Basi zima, dereva mzima, abiria wazima. Sijui tunauzwa kwa kosa gani.

Desimali alichukua penseli nyekundu ili afute yaliyozidi neno moja. Alifuta abiria wazima. Alipofika kwenye dereva mzima mkono ukasita. Dereva mzima. Dereva hazimi njiani. Dereva ni mzima, yaani hajambo, yaani yuko buheri wa afya, kama anavyoulizwa na kujibu kila mtu anayekutana na mwenzake asubuhi.

Na basi?

Alisimama, akaipiga teke droo ya chini, akatoa faili lote. Alizipanga zile fomu sitini na moja mezani, na zilipojaa akazipanga sakafuni, si kwa nambari safari hii, kwa mwandiko. Ishirini na sita zilikuwa za Mwalimu, kila wiki neno lile lile, zima. Ishirini na sita za dereva wa basi namba tano, ambaye aliketi na Mwalimu benchi moja kila Jumamosi na kuiga kila alichoandika, hata namna ya kupiga mkia wa herufi. Sita za mwingine aliyeanza kuiga mwishoni. Hamsini na nane. Zikabaki tatu, zenye mwandiko wa haraka wa dereva mmoja aliyehamishwa kutoka mabasi ya zamani, ambaye alikulia chini ya ile karatasi ya ukutani.

Karatasi ya ukutani. Kule kwenye chumba kipya cha madereva haikuwepo. Nani angeibandika? Aliyetakiwa kuibandika alikula kiapo asikanyage huko. Akakaa sakafuni katikati ya fomu zake, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, na pampu za dizeli zikiunguruma nje.

Alimwita Mwalimu ofisini. Mwalimu akaja na kofia mkononi, akidhani anakemewa kwa kuzidisha maneno.

"Ukiandika zima," Desimali akamuuliza, "unamaanisha nini?"

"Namaanisha zima, karani. Halina tatizo. Kwani wewe ulielewaje?"

"Kwamba limezima."

"Lililozima ningeandika limezima," Mwalimu akasema polepole, kwa sauti aliyoitumia zamani kwa darasa la tatu. "Basi zima ni sifa. Limezima ni kitendo. Nimefundisha sarufi miaka kumi na minne, ndugu yangu, sifa na kitendo sivichanganyi."

Mwalimu alipotoka, Desimali alifunga mlango. Sasa usidhani mambo yalikuwa mepesi, kwamba mtu akishajua kosa basi anakimbia kulisema. Alibakiza miezi minne astaafu. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumkuta amekosea hata nukta, na wangapi alikuwa amewaaibisha wao? Na hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba kila mtu pale alijua Waya ni nani wake. Leo, siku tatu kabla ya muhuri, mjomba anainuka kusema nambari iliyomfukuzisha mpwa wake ilikuwa na makosa. Nani asingecheka? Wangesema damu imemshinda. Wangesema amewapanga madereva. Alihitaji ushahidi ambao haukupita mkononi mwake wala mkononi mwa Waya, na ushahidi huo ulikuwepo mahali pamoja tu, kwa mtu ambaye hawakusalimiana miaka tisa.

Mtu huyo alikuwa Kulabu, dereva wa gari la kukokota mabovu. Basi lolote lililozima njiani likakataa kuwaka, Kulabu ndiye aliyelifuata na mnyororo wake, na aliandika kila safari kwenye daftari lake mwenyewe, lenye jalada lililoloa mafuta. Yeye ndiye aliyerudishiwa daftari na wino mwekundu, karibu ndiyo ngapi, mbele ya mafundi kumi na wawili. Toka siku hiyo akimwona Desimali anakuja, anampa kisogo.

Desimali alimkuta amelala chali chini ya gari lake, miguu tu ndiyo imetokeza. Akaisalimu miguu.

"Nani huyo?" miguu ikauliza.

"Karani. Naomba kuona daftari lako. La miezi sita."

Spana ikagonga chuma mara mbili. "Unataka ya kamili," Kulabu akasema toka chini kule, "au hata ya karibu itakufaa?"

"Yoyote uliyoandika, kaka. Nimekosea mahali, na wewe ndiye unayeweza kunionyesha."

Kulabu akatoka taratibu, akaketi, akamtazama kwa muda mrefu kana kwamba anamwona mtu aliyeambiwa amekufa. "Rudia," akasema.

"Nimekosea."

"Umekosea ngapi? Ngapi nukta ngapi?"

"Hamsini na nane," Desimali akasema. "Haina nukta."

Kulabu alitaka kucheka, lakini alipoiona sura ya mwenzake akaacha. Alinawa mikono kwa petroli, akafuta kwa tambara, akaleta daftari. Wakaketi juu ya tairi moja na kulipitia ukurasa kwa ukurasa. Mabasi ya zamani yalikokotwa mara thelathini na nane, na mengine mawili Kulabu alikuwa ameandika: nimekuta abiria wameshalisukuma. Jumla arobaini. Ya mseto yalikokotwa mara tatu, tarehe zilezile za zile fomu tatu. "Ungeniuliza mapema," Kulabu akasema. "Ningekwambia. Hao popo wananitia uvivu." Hiyo ilikuwa mara ya pili katika siku mbili Desimali kuambiwa angeuliza. Alimshukuru, na kabla hajaondoka akamwambia pia samahani ya lile daftari la miaka tisa iliyopita. Kulabu alisema hakumbuki habari hizo, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo.

Alhamisi alivaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya mwanawe. Mkewe alikuwa ameitanua kiunoni, inchi moja, bila kumwambia. Waya hakuwepo ukumbini, hakualikwa. Alikuwa bandani akifunga masanduku. Kamati ilikuwa ya watu saba, na mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni, ambaye alitaka shughuli iishe kabla ya saa nne. Desimali akaomba dakika tano. Akasimama, akaweka mezani fomu hamsini na nane upande mmoja, tatu upande wa pili, na daftari la Kulabu katikati.

"Ukurasa wa tisa una makosa," akasema. "Kosa si la madereva wala si la mabasi. Ni langu." Akaeleza neno zima. Alipofika kwenye dereva mzima, mjumbe mmoja aliangua kicheko, akajizuia akijifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Alivaa miwani, akasoma fomu kumi hivi, akafungua daftari na kulinganisha tarehe kwa kidole.

"Karani," akasema, "fundi wa mabasi haya ni nani wako?"

Hapo ndipo palipomtisha toka Jumatatu, na sasa alipofika akakuta hapatishi sana.

"Ni mpwa wangu, mama. Nimemlea mwenyewe. Na ndiyo sababu sikumuuliza chochote kwa miezi sita, wala sikwenda bandani kwake kubandika karatasi ya maelezo. Niliogopa nitaonekana nampendelea. Kama ningemtendea kama ninavyomtendea fundi mwingine yeyote, kosa hili lisingekuwepo. Niliogopa maneno ya watu kuliko nilivyoiogopa kweli, na aliyeumia ni yeye."

"Unajua tukiyakubali masahihisho haya tutaitoa kazi hii mikononi mwako."

"Itoeni," Desimali akasema. "Mimi mwenyewe nisingejiachia."

Waliwatoa watu nje kwa muda usiopungua saa nzima, na ninasema saa nzima kwa sababu Desimali aliipima: dakika sitini na nne. Waliporudishwa, mwenyekiti akasoma. Uuzaji umesimamishwa. Mabasi ya mseto yahamishiwe yote njia za mlimani, yafuatiliwe mwaka mmoja mwingine, tathmini ifanywe na mtu wa ofisi nyingine, na nambari za kuzima zitoke kwenye daftari la kukokota. Banda libaki wazi na mafundi wake wabaki kazini. Karani wa takwimu apewe onyo la maandishi. Lilikuwa onyo lake la kwanza maishani, na alilitia sahihi kwa mkono ulionyooka.

Hakurudi ofisini. Alipita pampu za dizeli, akapita magari ya zamani yaliyopangwa, akafika kwenye mlango wa banda jipya, na pale kizingitini akasita na suti yake kama mgeni asiyejua abishe wapi. Waya alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la zana, anaviringisha nyaya. Alikuwa ameshapata habari. Karakana haifichi jambo zaidi ya dakika kumi. Hakusimama, lakini nyaya aliacha kuziviringisha.

"Nimekuja kuuliza," Desimali akasema.

"Kuuliza nini, karani?"

Lile neno karani lilimkata. Alikuwa amelidai mwenyewe. "Hili basi linafanyaje kazi," akasema. "Lote. Toka mwanzo. Sijui chochote, mwanangu, nimeandika kurasa arobaini na mbili na sijui chochote."

Waya akamtazama mjomba wake, suti ya harusi, viatu vilivyoshika vumbi la yadi, na macho ambayo hayakuwa makavu. Akainuka, akafuta mikono kwenye ovaroli, akamfungulia mlango wa basi namba nne. Alimketisha kiti cha mbele. Akaketi yeye kwenye usukani, akawasha, akalitoa bandani polepole, wakauzunguka uwanja wa karakana, yeye akieleza kwa kidole kila taa iliyowaka mbele yao, hii ni ya betri, hii ni ya injini, sasa betri inakula, sasa inalishwa. Desimali alisikiliza. Hakutoa penseli.

Mbele ya pampu Waya akakanyaga breki. Basi likasimama, na injini ikanyamaza. Ukawa ukimya ule ule alioukumbuka, na Desimali, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, akashika chuma cha kiti.

"Limezima?" akauliza.

"Limenyamaza tu, linapumzika." Waya aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mzee uliokuwa umeshika chuma, akauacha pale. "Ni zima, Mjomba."